Uso Ulioachwa Wazi Kifuani pa Ovide

Mtaa wa Dumaine,
New Orleans, Louisiana.
Jumatatu, 4 Machi 2024.

Mpendwa mdogo wangu Numa,

Salamu zangu zikufikie huko Duluth ukiwa mzima na viatu vyako vikiwa vikavu, maana nasikia kwenye taarifa ya habari kwamba theluji yenu bado haijafunga virago. Kifua chako kinaendeleaje? Na lile goti uliloumia bandarini? Wifi yangu Karin hajambo? Na Maren, binti yako ambaye sijawahi kumshika hata mkono, masomo yanakwendaje? Mwambie shangazi yake anamuulizia.

Sisi huku wazima, Mungu ashukuriwe. Presha yangu inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Daktari kanikataza chumvi. Nimemsikiliza vizuri sana, ila kumtii bado. Leo Jumatatu, kwa hiyo maharage mekundu yako jikoni tangu asubuhi na mfupa wa nguruwe ndani, na nyumba nzima inanukia kama ilivyokuwa inanukia enzi za Mama.

Nakuandikia nikiwa dirishani. Mvua ya rasharasha imekatika sasa hivi na barabara inatoa mvuke. Yasmini ya jirani yetu Bi Eugenie imeanza kuchanua, imepanda ukuta mpaka imevuka kwangu. Kuna mtu nyumba ya tatu au ya nne anajifunza tarumbeta, sauti nne zilezile, anarudia, ananyamaza, anarudia tena, na mimi kila akinyamaza nasubiri. Jana nilitembea hadi mtoni. Meli ikapita juu ya mapaa ya nyumba, maana mto uko juu kuliko mtaa, taratibu, kama unavyojua zinavyopita, na mwanamume mmoja huko juu akanipungia mkono. Nikampungia. Nilirudi nyumbani nikiwa sina hakika kama nilikuwa macho au nimesinzia kwenye benchi.

Hali ya hewa ya namna hii humfanya mtu aseme ukweli. Basi ngoja niuseme kabla jua halijatoka.

Mazishi ya Kaka Ovide nilikusimulia kwa simu mwezi wa Novemba, wewe ukiwa umezuiwa na dhoruba, au ndivyo ulivyosema. Nilikuambia yalikwenda vizuri, na kweli yalikwenda vizuri. Tarumbeta zilimlilia toka mlangoni mwa kanisa, polepole, watu wakiburuta miguu. Gari la maiti lilipoachana nasi ngoma zikabadilika, miavuli ikafunguka, na hata mimi na magoti yangu haya nikacheza mpaka viatu nikavishika mkononi. Lakini kuna jambo sikukuambia. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ningeishia kukata.

Ni habari ya vazi. Unakumbuka kaka yetu alivyokuwa. Miaka thelathini na minne akicheza Karnivali kwa shanga na manyoya na kikundi cha Korongo Weupe, kumi na tisa ya mwisho akiwa Chifu wao, na kila mwaka vazi jipya. Lililotoka barabarani Karnivali hii linafumuliwa, shanga zinarudi kwenye makopo, mtu anaanza upya na sindano yake. Kila mwanamume anashona la kwake kwa mkono wake. Celestine mkewe, maskini, kitandani alizoea kulala na manyoya ya mbuni kuliko na mume.

Safari hii Ovide alichora kwenye kitambaa cha kifuani zile ngazi za zege kando ya ziwa, tulikokuwa tukienda na Baba kutega kaa. Baba amesimama katikati na wavu, vilevile alivyokuwa alipofariki akiwa na miaka thelathini na sita. Miguuni pake tumekaa sisi watatu. Ila hakutushona watoto, Numa. Alitushona tulivyo sasa, vichwa vyeupe, migongo imepinda, na baba yetu amesimama juu yetu kijana kuliko sote. Maji aliyashona kwa shanga za buluu na za fedha. Ukiyatazama kwa mbali yanatikisika, nawe unasahau uko wapi na una umri gani. Mara ya kwanza kuiona kazi ile niliitazama mpaka kahawa yangu ikapoa.

Uso wa Baba aliunakili kutoka picha yake ya ukutani. Mimi alikuwa akiniona kila siku, akanishona nimekaza mdomo. Nikamwambia siko hivyo, akasema niko hivyohivyo. Yeye alijishona mwembamba, tumbo hana, na meno yote yapo kinywani, mzee mwongo yule. Ukabaki wewe. Hakuwa amekuona tangu mafuriko ya mwaka 2005, ulipopakia gari ukasema utarudi Krismasi.

Akaniomba picha yako ya sasa. Nikamwambia akupigie simu mwenyewe, akakataa. Alitaka iwe zawadi, kisha akuite mwaka huu uje ujione. Numa, picha nilikuwa nayo. Ile uliyonitumia mwaka juzi, umesimama kwenye theluji, ndevu nyeupe, unacheka. Nilikuwa nimeificha kwenye kopo tupu la kahawa. Nikamwambia kaka yangu kwamba hujatuma kitu. Aliniuliza mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa Oktoba, nikamjibu kwa ukali, hakuniuliza tena. Mwezi uliofuata moyo wake ukasimama, na uso wako ukabaki kitambaa kitupu, na mstari wa penseli kuuzunguka.

Sababu unaijua. Siku tuliyomzika Mama nilisimama mlangoni mwa kanisa nikitazama barabara, hadi padri akanishika mkono akaniingiza ndani. Halafu likaja shada la maua na kadi ya kuchapwa, hata jina lako hukuliandika kwa kalamu yako. Nikasema moyoni, huyu si wa kwetu tena, asikae na sisi miguuni pa Baba. Hasira hasara, tunaambiwa tangu utotoni, lakini ukiwa nazo unaziona mali.

Sasa sikia yaliyofuata. Siku ya mazishi, Korongo Weupe wakakitundika kile kitambaa kwenye ufito mrefu, wakakitanguliza mbele ya jeneza kuelekea kanisani. Watu wakatazama. Yule mwembamba mwenye meno wakasema ndiye Numa, maana siku zote Numa ndiye aliyekuwa mwembamba. Basi asiye na uso ni nani? Ni Ovide, wakasema. Alijua atakufa, akauacha uso wake Mungu aumalizie. Padri alipofika madhabahuni alikuwa ameshaisikia habari hiyo, akaitia kwenye mahubiri. Tulipokaa kula baada ya mazishi, Bi Eugenie, ambaye hata siku ya kutoa takataka haikumbuki, alikuwa anaapa kwamba Ovide alimwambia jambo hilo wakiwa uani, neno kwa neno.

Nami nikanyamaza. Walinikumbatia mmoja mmoja wakinipa pole na hongera kwa pamoja, kwamba nilikuwa na kaka aliyeonyeshwa siku yake. Nilijifanya hamnazo. Wanasema njia ya mwongo fupi; yangu ilinichukua karibu miezi minne, na kila siku nilizidi kuchoka.

Karnivali ikaja, Korongo Weupe wakapita hapa bila Chifu, wakiimba kwa sauti ya chini. Wiki iliyofuata wakamchagua Lionel Picou, yule aliyekuwa akitangulia mbele yao kuchungulia njia. Lionel ni mtu mwema, kasoro yake anapenda sana sherehe. Akatangaza kwamba uso ule utajazwa shanga nyeupe tupu, kitambaa kitangulie mbele Jumapili ya tarehe 17 mwezi huu, vikundi vyote vinapotoka mchana, kisha kitundikwe ukumbini daima. Na unajua sheria yetu: kazi ya marehemu ikishamalizwa haifumuliwi. Ukishashonwa mweupe, basi, wewe hukuwahi kuwa pale.

Wakaniomba mimi, dada yake, nishone ushanga wa kwanza.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita, asubuhi, sebuleni kwa Celestine. Wanaume wamekaa na sindano zao, jikoni gambo, ule mchuzi wa majani wa Kwaresima, inachemka, Bi Eugenie yuko kwenye mwiko. Lionel akanitungia uzi, akaweka punje moja nyeupe kwenye kiganja changu, akasema heshima ni yangu. Nikainama. Na kwa vile nilikuwa nimevaa miwani yangu ya kusomea, nikauona mstari wa penseli kwa karibu kwa mara ya kwanza. Numa, alikuwa ameshachora masikio. Yale yako. Hakuna mwingine katika ukoo wetu aliyezaliwa na masikio kama mishikio ya sufuria.

Nikaweka sindano chini.

"Huyu si Ovide," nikasema. "Ni Numa. Picha yake nilikuwa nayo, nikamnyima."

Bi Eugenie akaanza kusema lakini Ovide mwenyewe alimwambia, Celestine akamkatiza, akamwambia akoroge asije akaunguza. Kisha akanigeukia. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejikaza kuyapokea. Aliongea polepole.

"Kwa hiyo mume wangu hakujua," akasema. "Miezi yote hii nimekuwa nikijiliwaza kwamba alijua, alijiandaa, hakushtuka. Hicho nacho umekichukua, wifi."

Nililia mbele za watu, mimi Verna. Sikujua kama kuna mtu uongo wangu ulikuwa unamfariji, na ukweli wangu ndio ukaja kumwumiza. Hilo bado linanikereketa rohoni ninavyoandika.

Picha nilikwenda kuileta. Ilipita mikono yote, watu wakatazama ndevu zako, wakatazama theluji, mmoja akasema unafanana na Baba. Nikamsihi Lionel ashone kutokana na hiyo. Akakataa. Akasema marehemu anaweza kushonewa na wenzake, lakini aliye hai na ana vidole hashonewi uso na mtu, ajishone mwenyewe. Wazee wa kikundi wakaitikia. Wakanipa muda hadi siku yenyewe, tarehe 17. Ikifika saa sita mchana uso uko wazi, zitawekwa shanga nyeupe papo hapo barabarani, kwa sababu Korongo Weupe hawatoki na kazi isiyokwisha mara mbili.

Wakaniuliza kama utakuja. Nikasema utakuja. Nilisema haraka sana, bila kupepesa jicho, kama mtu aliyezungumza nawe asubuhi hiyohiyo.

Leo hii, nilipokuwa namenya vitunguu, Celestine akasimama mlangoni na mkate chini ya kwapa. Hakunisalimu. Akauweka mezani, akatazama nje, akaniambia kwamba siku ile ya mwisho Ovide alishona akiimba, na mtu anayejua siku yake haimbi vile. Akasema huenda ni afadhali hivyo. Amekaa jikoni sasa, anaonja maharage yangu na kuyatia chumvi ambayo daktari kakataza, na ameniagiza nimwandikie huyo mwenye masikio.

Basi nakuandikia. Chumba cha nyuma nimekifagia, shuka nimeanika. Ukija utaikuta michungwa imeanza maua, na kamba wa matope wamenenepa msimu huu, tutawachemsha uani na pilipili mpaka pua zitutiririke. Siwezi kukuahidi kwamba hutalia. Hapa huwezi kukata kona bila kukuta nyumba iliyokuwa ya mtu unayemfahamu. Jioni hewa inakuwa laini, ngoma zinasikika toka mbali bila mtu kujua ni mtaa gani, na mara nyingine naisikia ngoma moja inadunda nje kidogo ya mapigo, kama ulivyokuwa ukidunda wewe, na ninatoka barazani kutazama. Nimetoka hivyo kwa miaka kumi na minane, nikikukasirikia na kukutafuta kwa wakati mmoja.

Sindano si ngumu. Celestine atakufundisha, na kidole kikichomwa utazoea kama sisi.

Nisalimie sana Karin, na Maren, uje nao kama wanaweza. Celestine anakusalimu, kwa namna yake. Lionel Picou anakusalimu. Bi Eugenie anakusalimu na anasema alijua siku zote kwamba ni wewe. Mwenyezi Mungu akufungulie barabara, ayeyushe theluji mbele ya magurudumu yako, na atuweke hai sote mpaka tuonane.

Numa, nimewaambia watu wote unakuja. Uongo wa kwanza ulikuwa wangu, nimeutubu mbele zao. Huu wa pili nimekukabidhi wewe. Ukifika, utakuwa ukweli.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nilipokuficha,
Verna