Mimba Isiyo na Mtoto

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimetapika tena kabla ya chai. Nimefua, nimeanika, nikakaa juu ya ndoo jua likinipiga. Mtaa wote wa Huruma ulikuwa unaelea. Kesho napeleka mkojo hospitalini. Tangu ile mimba zabibu ya mwaka jana ni kawaida. Tumbo lilikua bila mtoto, malengelenge tu kama zabibu, wakanisafisha. Walisema tusitafute mtoto kwanza.

Alhamisi, 9 Machi
Kipimo kinasema nina mimba. Daktari hakutabasamu, anataka nirudi kwa picha. Lakini Wekesa, mume wangu, amecheka peke yake mpaka kwenye ngazi. Nami pia.

Jumapili, 12 Machi
Ndoto. Msichana mdogo anatembea juu ya mto Nzoia, ananitazama bila haraka. Nimeamka matiti yanauma. Mama mkwe amefika kutoka Webuye na kuku wawili. Aliweka mkono tumboni mwangu, akafumba macho.
Kanisani nilikohoa. Damu kwenye leso. Nimeificha.

Jumanne, 14 Machi
Picha ya tumbo, picha ya kifua. Daktari ni mama mpole, alieleza polepole. Mji wa mimba ni mtupu. Mapafuni kuna madoa. Mabaki ya ile mimba yamegeuka saratani, nayo inatoa homoni ileile ya ujauzito. Ni nyingi mno: hata mkojo ukiongezwa maji mengi, kipimo bado kinasema mtoto.
Kuna sindano za kuua saratani, akasema. Na homoni hiyohiyo ndiyo itakayotuonyesha njia: ikishuka, ugonjwa unapungua.
Mengine sikusikia. Nilikuwa natazama dirisha.

Ijumaa, 17 Machi
Mama mkwe amekataa. "Kipimo kimesema mtoto, halafu wamchome sindano? Mnataka kuniulia mjukuu?"
Wekesa kachukua kofia, katoka nje. Nimemchukia kwa huko kutoka. Lakini nusu yangu iko na Mama. Kichefuchefu ni cha mtoto. Matiti ni ya mtoto.
Jioni nilikohoa mbele ya Mama. Aliiona damu. Akaketi kitandani, akanivuta kwake.
"Tangu lini, mwanangu?"
Nikamwonyesha ile leso ya kanisani. Amesema atanipeleka hospitalini mwenyewe.

Jumatatu, 3 Aprili
Wodini. Mdomo umejaa vidonda. Uji uliopoa tu. Mchana hauna mwisho, mapazia yanapumua. Nilimwona yule msichana mlangoni, mgongo tu. Nilitaka kumwita. Sikuwahi kumpa jina.
Homoni imeshuka. Daktari amefurahi sana. Mama amepiga magoti sakafuni akashukuru. Mimi nimelia. Kila inaposhuka, yule msichana naye anazidi kwenda.
Najua hakuwepo. Najua.

Jumamosi, 29 Aprili
Imeshuka tena. Nywele zimebaki chache. Damu haitoki nikikohoa. Sijaota chochote.

Jumamosi, 17 Juni
Kipimo hakionyeshi kitu, kama cha juzi na cha kabla yake. Madoa ya mapafuni yamefifia. Nitaendelea kupimwa, lakini sindano zimekwisha.
Muuguzi aliyenipa majibu ni mgeni, hanijui. Aliinamisha kichwa. "Pole, mama. Huna mimba."
Nilimshika mkono nikamshukuru. Akanishangaa.
Wekesa alikuwa nje, kofia mkononi.
"Vipi?"
"Sina."
Akavaa kofia. Tulitembea taratibu mpaka soko la Kariokor, tukala nyama, tukanawa mikono, tukabaki tumekaa.