Kikao cha Wazazi Kimepangwa Asubuhi ya Mtihani Wangu wa Hesabu

Mpendwa mshauri, nisaidie, ila ujue mapema kwamba sitaki kuambiwa nivumilie. Mimi nafua mashuka hospitalini na narudia hesabu ili niingie chuo cha uuguzi, na kilichokuwa kinanitoa machozi ni ile milinganyo miwili yenye x na y, maana nikiipata x, y inanikimbia, na mchumba wangu, fundi wa friji, alikuwa ananifuata darasani, ananipangusa machozi, ananiambia basi mpenzi, kichwa chako hakikuumbwa kwa haya, nami nikaona huo ndio upendo. Juzi mwalimu akaniita ubaoni, akaandika 2x + y = 11 na x − y = 1, nikaijumlisha yote miwili, y ikajifuta, nikabaki na 3x = 12, x ikawa nne, y tatu, nikazirudisha kwenye milinganyo yote ikakubali, darasa likapiga makofi, nikatoka mbio kumwambia mchumba wangu aliyekuwa ananisubiri getini, naye akanuna, akawasha pikipiki akaondoka. Kesho yake akanijulisha kwamba kikao cha wazazi wetu cha kupanga harusi amekihamishia asubuhi ya mtihani wangu. Nilipomkumbusha akasema, "Chagua, mimi au hizo x zako." Mama anasema mume hapatikani kila siku. Nampenda, mshauri, lakini mtihani siuachi. Nimekosea?

Mfua mashuka

Binti yangu, hujakosea, na unalijua hilo, kalamu umeikandamiza mpaka karatasi imetoboka. Pole. Lakini na wewe, mtu anakwambia kichwa chako hakikuumbwa kwa hesabu, unaita upendo? Ulipokosa alikubembeleza, ulipopata akanuna. Huyo ameyazoea machozi yako.

Mwambie leo, mama yako akiwepo, kwamba kikao kinasogezwa, mtihani hausogezwi. Akikubali na kukuomba radhi, mpe nafasi, ila mtazame vizuri. Akirudia neno "chagua", mjibu umeshachagua, mrudishie pete yake ya uchumba, uende ukalale. Mama mwambie kwa heshima kwamba hata nafasi ya chuo haipatikani kila siku. Asubuhi ya mtihani zima simu, na kila jibu lijaribu kwenye milinganyo yote miwili, maana wengi hukagua mmoja wakaridhika. Na ukifaulu, usimfiche mtu alama zako ili yeye apate usingizi.