Mboga Alizoagizwa Baba

Kizota, Dodoma
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako likiwa limepoa tangu baridi iondoke Kondoa. Nimeandika kwa sababu simu yako hupokelewa dukani kwa shangazi, na pale mtaa mzima husikia. Tafadhali isome peke yako.

Bado ni karani kwenye kinu cha alizeti. Mchana nakula kwa mama ntilie wa hapo langoni. Akiuliza mboga gani, nyama au samaki, mimi nasema mchicha na maharage. Ameshanibatiza Mbuzi wa Ofisini. Juzi alinisogezea bakuli akasema, "Kula mwanangu, ila usilie mee, utanifukuzia wateja." Nilicheka pamoja na wenzangu. Sikumwambia ninachokiogopa.

Wewe unakijua. Tangu saratani ya utumbo imchukue baba, sijatia nyama kinywani. Nilisoma kwamba wasiokula nyama hawaipati sana saratani hiyo, nikajiona nimejenga ukuta. Ndiyo maana siku ya Idd nilisukuma sahani yako. Nikakwambia kwamba nesi alimwagiza baba ale mboga kwa wingi, akimaanisha majani, na wewe ukamchinjia mbuzi wako mmoja mmoja mpaka zizi likabaki tupu. Kwetu mboga ni chochote cha kushushia ugali, na nyama ndiyo mboga ya heshima. Ungejuaje? Uliondoa sahani. Dada anasema tangu siku ile hujapika nyama.

Mama, mwezi uliopita nilianza kuona damu chooni. Nilijiambia haiwezekani, mimi nakula majani. Nikakaa nayo wiki tatu.

Nilipokwenda hospitali nilimweleza daktari yote, hata habari za mbuzi. Alisema mboga za majani, maharage na unga usiokobolewa vinasaidia, na kupunguza nyama nyekundu kunasaidia, lakini hakuna chakula kinachomhakikishia mtu usalama. Damu ya chooni hupimwa, haisubiriwi, hata uwe unakula nini. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwake: "Ugonjwa wa baba yako ulianza miaka mingi kabla ya hao mbuzi. Mwambie mama yako."

Nimekwambia, mama. Nilikutwisha mzigo usio wako kwa sababu ya woga wangu. Nisamehe.

Alhamisi watanipima utumbo kwa kamera. Huenda ni bawasiri tu, bado hawajui. Ila daktari aliuliza baba alianza kuona damu akiwa na umri gani, nikashindwa kujibu. Baba alituficha sisi watoto, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukimfulia. Najua alikuapisha usiseme. Umri huo ndio utakaoonyesha kama dada na kaka nao wapimwe mapema. Dereva aliyekuletea barua hii anageuza kurudi huku Jumatano asubuhi. Mpe hata kikaratasi chenye umri peke yake.

Msalimie dada na mwanawe, kaka yangu aliyeko shambani, na bibi, umwambie mlenda alioniletea bado ninao. Mjomba muadhini aniombee, lakini usimwambie sababu.

Nikipata ruhusa nitakuja. Siku hiyo pika mboga, mama. Sitauliza ni ipi.

Mwanao anayekupenda,
Athumani