Jiwe Lililogoma Kung'aa

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila masikio ndiyo yamekufa kabisa. Ukipiga simu unajisumbua, niandikie tu.

Mashine ya kung'arishia mawe imenipa kazi ya uzeeni. Mpangaji wangu ananicheka, eti fundi viatu mzima nimestaafu ili nifue kokoto. Mwache. Naweka mawe ya mtoni kwenye kipipa chake, na maji na unga wa kusagia, kinazunguka juu ya meza ya jikoni usiku na mchana. Yanatoka kama yamepakwa mafuta.

Ila kuna moja limenishinda. Nililiokota pale ukingo ulipobomoka baada ya mvua. Zito ajabu, umbo la yai. Wiki nzima limezunguka na halitaki kung'aa. Tope gumu limebanduka, chini yake kuna kutu na mistari ya kuzunguka kama ya skrubu. Nimelirudisha na unga mkali zaidi. Litanyooka tu.

Baba yako

4 Machi, asubuhi

Shikamoo baba. Leo sina nafasi ya salamu ndefu.

Nimemsomea ujumbe wako mlinzi wetu wa kiwandani, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Mimi nilikuwa nacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Mzee yuko wapi sasa hivi?"

Baba, hilo si jiwe. Anasema ni bomu la mkono. Usilifungue, usilitikise, usiliguse. Toka nje, zima umeme kwenye mita, mtoe mpangaji na mtoto wake. Nimempigia mpangaji, hapatikani. Nimewapigia polisi wa huko.

Mwanao

4 Machi, mchana

Baba, umesoma? Polisi wanasema gari limeshatoka. Nimejifungia chooni kazini. Niandikie hata herufi moja.

Mwanao

4 Machi, alasiri

Baba.

6 Machi

Mwanangu,

Pole. Najua shangazi yako alikupigia kukuambia kwamba mimi mzima, lakini nataka usikie kutoka kwangu. Hii ni simu yake. Yangu niliiangusha ikapasuka.

Ulipoandika mara ya pili, nilikuwa nimekipakata kile kipipa. Kifuniko kilikaza, nakigonga kwa kiganja. Simu ikawaka mezani. Nikasoma, nikaona na ule wa asubuhi, simu ikaniponyoka.

Sikuthubutu kukiweka chini. Mpangaji akaja mlangoni, mtoto mgongoni, anaomba chumvi. Nikamfokea atoke. Sijawahi kumfokea. Akaondoka analia. Nikasema moyoni, alie tu, bora alilie mbali.

Sijui nilikaa vile muda gani, miguu imekufa ganzi. Askari aliyeingia ni mwanamke, kavaa koti zito hadi magotini. Akaniinamia, akatamka polepole nimsome midomo: "Baba, pumua." Akakitoa mapajani mwangu kama anayepokea mtoto aliyelala. Walikwenda kulilipua bomu lile kwenye uwanja wa wazi. Wanasema lilikuwa bado zima, lingeweza kulipuka.

Jana walichimba pale ukingoni wakatoa mengine, na bado wanachimba. Pale pale nilipokuwa nakupeleka kuogelea ukiwa mdogo.

Shangazi yako anawatangazia watu kwamba nina moyo wa chuma. Si kweli. Hata kikombe cha chai bado nashikiwa. Tangu mama yako atuache, nimejifanya sihitaji mtu.

Omba ruhusa kazini, binti yangu. Njoo. Naogopa.

Baba yako