Pakiti Moja kwa Wawili

Bwera, Jumanne

Biira, wewe ni mjinga! Nani alikufundisha kugawana vidonge vya kupanga uzazi na wifi yako kama chumvi, leo unameza wewe, kesho yeye? Sasa wewe, mjukuu wangu, uko na mimba, na mkunga alishasema mimba nyingine itakuua.

Unalia kwamba pakiti ya duka la dawa ni ghali. Nikapanda kwa mwenyekiti wa bima ya machela, kikundi chetu cha kubeba wagonjwa na kulipia matibabu.

"Mama, vidonge si ugonjwa. Hatulipii."

"Na kumshusha mlimani akitoka damu?"

"Hiyo tunalipa."

Naogopa.

Biira, kesho asubuhi kwa mkunga, mimi mbele. Na wewe mwenyekiti, Jumapili vidonge viingie kwenye bima kabla hujafungua mkutano kwa sala.