Mwarobaini Hautakatwa

Nyumba ya tatu, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo mara mbili, moja yangu na nyingine ya mume wangu. Mume wangu! Bado naona raha kuliandika neno hili. Goti linaendeleaje? Kikohozi kimekuacha ulale? Sisi ni wazima, tena tunang'aa.

Barua yako tuliisoma pamoja kwa sauti. Tulipofika pale uliposema muuza majani atanilisha majani, tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Basi, Shangazi, mimi ni mbuzi, na nimenenepa.

Unamkosea nani adabu kwa kumwita muuza majani? Amesomea tiba ya asili ya Kihindi miaka sita kwa mzee mmoja mkali. Dawa zake nyingi zinatoka kwenye mwarobaini wa hapa uani. Maua anayakausha kivulini, na gome habandui upande mmoja mara mbili, ili mti usiumie. Vidole vyake ni vichungu! Nikivibusu nakunja uso, halafu narudia.

Sasa mwenye nyumba anataka mti ukatwe apate pa kuegesha gari. Mti ukienda, kazi ya mume wangu imekwenda. Alhamisi akaja fundi wa msumeno, mume wangu yuko kwa wagonjwa. Nikauegemea mti, mwiko bado mkononi.

"Dada, sogea. Mimi nimetumwa tu."

"Mti huu unaitwaje?"

"Si mwarobaini? Unatibu magonjwa arobaini."

"Yataje yote. Ukimaliza, kata."

Akaanza kwa mbwembwe: homa, upele, chawa, minyoo. Kwenye tisa akakwama. "Haya, taja wewe!" Nami nikaishia kumi na saba. Aibu iliyoje, mke wa mganga!

Wapangaji wakatoka kunisaidia. Mshona viatu akaleta fizi, mama wa chumba cha kwanza akaleta mba. Wakagombana kama upele na kuwashwa ni ugonjwa mmoja au miwili. Tukafika thelathini na tisa, tukakwama. Mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatabasamu.

Ndipo mama yake mzazi akapaza sauti dirishani: "Na majipu ya makalio ya mwanangu je? Mwaka jana yaliponywa na nini?"

Shangazi, uani palilipuka! Fundi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akabeba msumeno wake akaenda zake. Mume wangu aliporudi na kusikia, alininyanyua juu juu mbele ya watu wote. Niliona haya, lakini sikumwambia anishushe.

Mwenye nyumba ameapa kesho Jumatatu ataleta fundi mwingine. Alete! Kesho hiyo hiyo wapangaji wote tunafua, na kamba zote zitafungwa kwenye mwarobaini. Mashuka ya kwanza kuanikwa ni ya mama yake, ameyatoa mwenyewe.

Ulisema nirudi mambo yakiharibika. Nakuheshimu, Shangazi, ila nisikilize: sing'oki hapa, na mti haung'oki.

Nisalimie Mjomba, Bibi, na yule mdogo wangu Domo Kaya. Mungu akupe goti la kukufikisha kwetu, ujionee.

Wako akupendaye hata ukininunia,
Binti wa kaka yako.