Herufi Saba za Kocha Tillery

Jumatatu, 8 Septemba

Kocha amemaliza uji. Dawa za asubuhi kameza, za mchana katema moja, nikaiokota, nikaifuta, akaimeza. Saa kumi kasorobo akaanza kutafuta kofia. Kichwani mwake vitu vingi vimeshaondoka. Saa kumi bado ipo.

Nikamfunga mkanda, tukatoka. Kutoka nyumbani kwake Riverdale Park mpaka uwanja wa chuo ni mwendo mfupi tu. Nikifika pale kazi yangu ni kuzima injini na kunyamaza. Anainua kidole na kusoma. T. I. L. L. E. R. Y. Herufi saba za chuma juu ya geti. Halafu anajigonga kifua mara moja. "That's me."

Mwaka wa tatu huu namtunza. Akiamka asubuhi hajui anaitwa nani. Saa kumi analisoma jina lake, na mpaka anapolala analo. Akilala linapotea tena. Hakuna daktari aliyenifundisha dawa hiyo. Niliigundua mwenyewe siku tuliyokwama kwenye foleni mbele ya geti lile.

Leo kulikuwa na jamaa wawili chini ya geti wakipima kwa tepu. Sikuwapenda.

Jumanne, 9 Septemba

Neema kaniambia. Binti yangu anasoma chuo hicho hicho, mwaka wa pili, na anajua kila kitu isipokuwa kuosha vyombo. Uwanja umepata mfadhili. Mwenye maduka ya magodoro. Ametoa pesa za nyasi mpya na taa, kwa hiyo geti litabeba jina lake. Wala si jina alilopewa na mama yake. Jina la maduka!

Godoro. Vijana watakimbia, watatapika, watavunjika miguu, kwa heshima ya godoro.

Otis Tillery alifundisha riadha pale miaka thelathini na mitatu. Jirani anasema alipoanza palikuwa na mawe na magugu, na marehemu mke wake ndiye aliyekuwa akifua jezi za timu nzima. Mwenye magodoro alikuwa wapi wakati huo?

Neema akasema, "Mama, it's just a sign." Nilikasirika mpaka nikaunguza wali. Mimi nina jina la bibi mzaa baba, naye alilitoa kwa bibi yake. Kwetu Iramba mtu atavuliwa cheo, atavuliwa hata viatu. Jina anazikwa nalo. Na huyu hajafa.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepiga simu chuoni. Akapokea dada mwenye sauti ya asali. Anasema Kocha ataendelea kuenziwa. Nikauliza wapi. Ndani, kibao kidogo ukutani, kwenye korido ya restrooms. Choo ni choo, dada, hata ukikiita kwa Kiingereza.

Nikampigia mwanawe, yuko California. Mtu mpole. Anasema baba hata hatagundua, baba hajui leo ni siku gani. Ulimi uliniwasha. Nilitaka kumwambia aje siku moja saa kumi, akae kiti cha nyuma, anyamaze. Nikaaga. Yeye ndiye mwenye baba. Mimi nimekuja Marekani kubeba boksi, kibarua tu.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku yangu ya mapumziko imeishia Upper Marlboro, makao ya kaunti. Nilidhani ofisi za kaunti zina sauti juu ya kila kilichomo ndani ya kaunti. Ushamba wangu. Dirisha la kwanza likanituma la pili, la pili likanituma la tatu. Mama wa dirisha la tatu akasema uwanja ni wa chuo, na chuo ndicho kinachoamua. Ila alinionea huruma. Akanishauri nikusanye saini.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Godoro zuri lingehitaji geti la uwanja?

Nitakusanya.

Jumapili, 21 Septemba

Karatasi nimeitengeneza mwenyewe. Juu nimeweka picha ya Kocha, ile aliyovaa tai. Chini yake jina kwa herufi kubwa. Kisha maelezo ya uwanja kwa Kiingereza, madogo kidogo kwa sababu nafasi haikutosha. Kisha mistari ya majina na saini.

Nimeipeleka kanisani Takoma Park, kwenye ibada yetu ya Kiswahili. Nilikuwa na zamu saa saba, ikabidi nitoke kabla ya matangazo. Nikamwachia Mama Njeri. Ni Mkenya, nesi, na ni katibu wa kila kamati iliyowahi kuundwa na Waswahili wa huku. Nikamwambia kwa haraka tu, ni ya mzee wangu, yule ninayemtunza, naomba ipite kwa watu. Akanishika mkono. "Wewe enda job, mum. Hii nita-handle."

Moyo umetulia. Watu wetu wakishika jambo, wameshika.

Jumatatu, 22 Septemba

Sijui nicheke au nilie. Niandike kwa mpangilio.

Nikiwa zamu simu yangu hukaa ndani ya mkoba, na tangu jana saa saba niko zamu. Saa tisa alasiri kengele ikalia. Nikafungua. Mama Njeri, leso begani, macho mekundu. Nyuma yake akina mama kama wanane kwenye kanga na vitenge. Wanaume wanashusha viti vya kukunja kutoka kwenye gari. Sufuria la pilau. Chupa tatu kubwa za chai. Kabla sijafungua mdomo nikakumbatiwa. "Pole sana. Mzee ametuacha." Na wimbo ukaanza palepale mlangoni, sauti zote nne.

Karatasi yenye picha ya mzee mwenye tai, jina kwa herufi kubwa, inapitishwa wakati wa matangazo, na aliyeileta ameondoka mbio bila kusalimia watu. Nani kati yetu angefikiri ni kitu kingine? Yale maandishi madogo hakuna aliyeyasoma. Mimi mwenyewe nisingeyasoma. Mama Njeri akaipiga picha, akaiweka kwenye grupu la WhatsApp na mshumaa pembeni. Jana jioni watu wa Virginia walikuwa wanauliza mwili unasafirishwa lini kwenda nyumbani. Nyumbani wapi? Mtu kazaliwa hapa hapa!

Walipofika kiitikio, Kocha akatokea na kigari chake cha kutembelea.

Wimbo ukakatika. Mzee Mushi akaangusha viti viwili. Papa Dieudonné, Mkongomani wa kwaya, akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mais, huyu si ndiye wa ku picha?"

Kocha akawaangalia wote. Umati mlangoni, viti, chakula, watu wanalia. Uso ukamfunguka jinsi sijawahi kuuona. Akauliza, "Did we win?"

Mama Njeri hajawahi kukosa la kusema. Akafuta machozi kwa leso. "Yes, Coach. We won."

Basi akawapa mkono mmoja mmoja. Wakamwamkia. Yeye hajui shikamoo ni nini, akawa anaitikia "All right, all right." Akaketi kwenye kiti cha msiba wake mwenyewe akala pilau sahani mbili. Nilikuwa nimejificha jikoni, aibu inanitambaa mpaka masikioni, na bado nilicheka.

Jambo moja zaidi. Walikuja na kitabu cha rambirambi, kile chenye jalada gumu, jina lake juu. Kila mtu alikuwa ameshaandika ukurasa wake. Mama Njeri akajaribu kukificha chini ya kitenge. Kocha akakiona, akakiomba, akakikumbatia. Hakukiachia mpaka nilipomlaza.

Jumanne, 23 Septemba

Mama Njeri kanirudishia karatasi ya saini. Saini zimejaa mbele na nyuma. Karibu kila mmoja ameongeza neno pembeni ya jina lake. Pumzika kwa amani. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Tangulia Mzee, tutaonana. Mmoja ameandika ahadi ya kuleta maji ya kunywa katoni mbili.

Nani atayapokea haya kama malalamiko? Nimejikasirikia kuliko ninavyomkasirikia mwenye magodoro. Dakika tano tu. Ningebaki dakika tano, nikasimama, nikasema kwa kinywa changu.

Kukusanya upya hakuna muda. Ijumaa ndiyo mwisho wa chuo kupokea maoni ya watu.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimeipeleka chuoni hivyo hivyo. Ofisi ina zulia na picha za watu wanaotabasamu. Kijana mwenye suti akaishika karatasi kwa vidole viwili. Akauliza maneno ya pembeni yana maana gani. Ningeweza kudanganya, yeye angejuaje? Nikamwambia ukweli. Wanamtakia apumzike kwa amani.

Akashtuka. "Oh, I'm so sorry. When did he pass?"

Nikasema hajafa. Yuko nyumbani anaangalia besiboli. Ninyi ndio mnaotaka kumfukia.

Hakuandika hilo mahali popote.

Jumatano, 1 Oktoba

Jibu la chuo limekuja. Mistari miwili. Wanashukuru kwa mapenzi yangu kwa jumuiya ya chuo. Mapenzi gani? Nani kawaambia nina mapenzi? Nina hasira, na sikuificha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Hawakusema siku. Wangesema, nisingempeleka.

Nimeegesha, nimezima injini, ndipo nikaona ngazi. Jamaa mwenye kofia ngumu yuko juu, ameanzia mwisho. Y imeshuka. R imeshuka. E ameishika mkononi. Nilitaka kuwasha gari, lakini kidole cha Kocha kilikuwa kimeshainuka.

T. I. L. L.

Kidole kikabaki hewani. Akangoja. Nami nikangoja, kama mjinga, kana kwamba zilizobaki zingejileta zenyewe. Kisha akanigeukia. "Where's the rest?"

Nimeosha wazee miaka kumi na moja, nimefumba macho ya waliokufa, sijawahi kukosa la kumwambia mgonjwa. Leo nilikosa. Hakujigonga kifua.

Nilishuka nikamwomba yule jamaa zile herufi. Akasema kwa upole kwamba haruhusiwi, zinarudishwa ofisini. Herufi za chuma zina pa kurudishwa, basi. Nikalia ndani ya gari, mbele yake. Akanipapasa bega. Hajui mimi ni nani, hajui yeye ni nani, na bado alinibembeleza.

Wamelaaniwa. Nimeandika na sifuti.

Jumapili, 5 Oktoba

Kocha kaniuliza yeye ni nani. Namwambia. Dakika tano, anauliza tena. Nikimwambia mimi haamini. Chakula hataki. Saa kumi alivaa kofia akasimama mlangoni. Nikamwambia gari ni bovu. Nimemdanganya mzee wa miaka themanini na nane.

Jumanne, 7 Oktoba

Gari bado "bovu". Leo Kocha amelia. Mwanawe amepiga simu, nikamwekea simu sikioni, akauliza, "Who's this?" Sikuona raha, ingawa nilikuwa nimedhani nitaiona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Neema kaja kunichukua kazini akakuta Kocha amevaa kofia, amesimama mlangoni, machozi yanamtoka. Saa kumi na dakika chache. Neema hakuwahi kuiona saa hiyo ya Kocha. Alikuwa akisikia tu mama analalamika.

Akamketisha. Akaangaza sebuleni, akaona kile kitabu cha rambirambi juu ya televisheni, akakichukua. Akakipekua. Kila ukurasa mtu amemwandikia Kocha kwa jina, ila kwa mwandiko mdogo, macho ya mzee hayauwezi. Neema akatoa kalamu nene kwenye begi la shule. Akaketi sakafuni, akaandika TILLERY juu ya kila ukurasa, herufi kubwa kama za geti. Kurasa thelathini na moja. Nilimkumbusha mtihani wake wa kesho, akaniambia, "Mama, tulia." Kwa Kiswahili.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Kocha amemaliza uji.

Saa kumi kasorobo akatafuta kofia. Nikampa. Sikuchukua funguo. Nikamketisha karibu na dirisha, nikamwekea kitabu mapajani, nikakaa, nikanyamaza.

Akainua kidole. T. I. L. L. E. R. Y. Akajigonga kifua.

Akafunua ukurasa wa pili, akasoma tena. Wa tatu. Kwenye wa nne akashusha kidole mpaka kwenye maandishi madogo ya Mzee Mushi, pumzika kwa amani, kazi umeimaliza. Akaniuliza hapo wamesema nini.

Nikamwambia wamesema tulishinda.

Akaitikia kwa kichwa, akafunua wa tano.